Mhandisi Aliyeomba Likizo

Mwaka 1976 gari la kurekodia muziki lilitoka Providence, jimbo la Rhode Island, likaenda kuegesha nje ya nyumba ya kawaida katika mji wa Watertown, Massachusetts. Mafundi wakavuta waya mnene, wakaupitisha kwenye dirisha la chumba cha chini ya nyumba, na sauti zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mashine mle ndani zikaanza kuhamia kwenye mkanda mpana ndani ya gari. Mpita njia angeweza kudhani ni watu wa simu wamekuja kurekebisha laini.

Wakati huo kampuni ya Epic, iliyokuwa chini ya CBS, iliamini kwamba albamu ya kwanza ya bendi yake mpya inarekodiwa Los Angeles, kwenye studio ya maana, chini ya prodyuza wa maana. Haikuwa imedanganywa moja kwa moja. Wanamuziki wanne wa bendi walikuwa Los Angeles kweli, na walikuwa studio kweli. Ila mtu wa tano, aliyetunga karibu nyimbo zote na kupiga sehemu kubwa ya magitaa, alibaki Watertown, chini ya nyumba, akiirudia kazi aliyokwisha kuifanya. Bendi iliitwa Boston. Mtu huyo ni Tom Scholz. Albamu ilitoka tarehe 25 Agosti 1976 ikiwa na jina la bendi tu, na nchini Marekani peke yake imethibitishwa kuuza nakala milioni 17.

Sikumfahamu Scholz kwa muziki. Nyumbani kwetu Morogoro redio ilikuwa ya mama, na mama alisikiliza kwaya asubuhi na zilipendwa jioni. Nilimfahamu kwa shahada yake. Ninasoma uzamili wa uhandisi mitambo hapa Dar es Salaam, na usiku mmoja, nikiikimbia sura ya tatu ya tasnifu yangu, nilikuwa napitia majina ya watu waliosoma fani hii wakaishia kufanya mambo mengine. Wengi walikuwa wanasiasa na wafanyabiashara. Mmoja alikuwa na shahada ya kwanza na ya uzamili ya uhandisi mitambo kutoka MIT, ile ya pili akiipata mwaka 1970, na mbele ya jina lake iliandikwa: mpiga gitaa.

Nikaisikiliza albamu nzima kwenye simu, sauti chini, mwenzangu wa chumba akiwa amelala. Magitaa yamepangwa kama kwaya: moja linashika sauti ya kwanza, jingine linapanda juu yake na sauti ya pili, kisha jingine tena. Anayejua kwaya za mama yangu angeelewa mara moja kinachofanyika. Nikarudia wimbo wa kwanza mara nne. Sura ya tatu ikabaki ilivyokuwa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma jinsi ile albamu ilivyotengenezwa, na nikagundua kuwa hadithi yake haifanani na zile tunazosimuliwa kila siku.

Scholz alipomaliza chuo aliajiriwa na Polaroid, kampuni ya kamera zilizokuwa zikitoa picha papo hapo. Kazi yake ilikuwa kubuni bidhaa. Mchana alikuwa kazini, usiku alikuwa chini ya nyumba. Mshahara wa Polaroid ulinunua mashine ya kurekodi, maiki na nyaya. Vifaa alivyovihitaji na ambavyo havikuwapo madukani alivitengeneza mwenyewe, kwa ujuzi uleule aliolipwa kuutumia mchana. Alianza na rafiki yake mpiga dramu, Jim Masdea. Baadaye akapatikana mwimbaji, Brad Delp, ambaye naye alikuwa na kazi ya kiwandani, kwenye kiwanda kilichotengeneza vipashamoto vya mashine za kahawa. Chumba chao kilikuwa kidogo kiasi kwamba zamu ya kurekodi ogani ikifika, dramu zilibidi zifunguliwe na kuondolewa ili ogani ipate pa kukaa.

Mkanda wa majaribio, ule ambao hata sisi tunauita demo, ulitumwa kwenye kampuni za rekodi moja baada ya nyingine. Majibu yakawa hapana. Hata Epic, ambao baadaye wangekuja kupata utajiri kwa nyimbo hizohizo, mwanzoni walikataa. Hali hiyo ilikwenda kwa miaka. "More Than a Feeling", wimbo unaofungua albamu, ulichukua kama miaka mitano mpaka kukamilika.

Jambo lililonikaa kichwani ni kwamba kila hapana ilimkuta Scholz akiwa na ajira. Alikataliwa, kesho yake akaenda kazini, mwisho wa mwezi mshahara ukaingia, na sehemu ya mshahara ikashuka tena chini ya nyumba. Kampuni zilikuwa na uwezo wa kumkatalia. Hazikuwa na uwezo wa kumfanya aache.

*

Wiki chache baada ya usiku ule, mjomba alinipigia simu. Mjomba wetu ni mtu wa salamu ndefu. Ukiona amezifupisha, ujue kuna jambo.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Kaongee na mdogo wako."

Mdogo wangu ni fundi umeme katika kiwanda kimoja hapa Dar. Amesomea chuo cha ufundi, anaingia zamu za mchana na za usiku, na amepanga chumba kimoja Mbagala. Ndani ya chumba hicho kuna kitanda, jiko la gesi la mtungi mdogo, na studio. Studio ni meza, kompyuta aliyoiunga kwa vipuri vya Kariakoo, kinanda kidogo, spika mbili, na maiki moja iliyovalishwa soksi ili isipokee pumzi za mwimbaji. Dirisha ameliziba kwa godoro kuukuu. Akirekodi sauti anazima feni, kwa sababu maiki inaisikia feni, kwa hiyo nyimbo zake zote zimeimbwa kwa jasho. Saa zake za kurekodi ni kuanzia saa saba mpaka saa kumi usiku, wakati bodaboda zimepungua na adhana ya alfajiri bado haijatolewa. Mita ya LUKU ni ya wapangaji wote, kwa hiyo kila mwezi analipa zaidi ya wenzake ili kusiwe na maneno.

Anafanya kazi na rafiki yake waliyekua naye mtaa mmoja Morogoro. Mdogo wangu anatengeneza biti, rafiki anaandika na kuimba. Mchana rafiki anakaanga chipsi karibu na kituo cha daladala.

Habari aliyoipata mjomba ni kwamba jamaa mmoja mwenye studio na wasanii wake alizisikia nyimbo zao zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, akamwita mdogo wangu. Akamsifia, akampeleka kula, akamwambia anamtaka awe prodyuza wake wa kudumu. Kila siku studio, kuanzia asubuhi. Mshahara hakuna, asilimia ipo. Maana yake ilikuwa moja: aache kiwanda. Barua ya kuacha kazi ilikuwa imeshaandikwa, bado kupelekwa tu.

Niseme wazi nilikuwa na maslahi gani. Ufadhili wangu unalipia utafiti na nusu ya ada. Nusu iliyobaki ilikuwa inatoka kwenye mshahara wa mdogo wangu, pamoja na dawa za presha za mama na kodi ya nyumba ya Morogoro. Mimi ni mkubwa, yeye ndiye aliyekuwa akinisomesha. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo kwa maneno. Fedha zilikuwa zinaingia kwenye simu tarehe mbili au tatu, nami najibu "Asante baba", kama dada anavyomwita mdogo wake wa kiume akitaka kumpa heshima. Sasa nilikuwa nimetumwa kumshauri kijana aendelee na kazi ambayo ndiyo inayonilisha. Ushauri wa namna hiyo unapaswa kupimwa mara mbili, na nilikuwa naupima kwenye daladala njia nzima, nimesimama, nimeshika bomba.

Lakini nilikuwa na Scholz, na nilimwona kama rungu langu. Kizazi chetu kimelelewa na wahamasishaji. Tumewasikia kwenye kumbi za vyuo, kwenye YouTube, kwenye mabasi ya mikoani: acha ajira, fuata ndoto, mwenye ndoto na mshahara hana ndoto. Huwa wanataja majina ya watu walioacha chuo wakatajirika. Hawamtaji mtu aliyemaliza shahada mbili, akaajiriwa, akakaa kazini miaka yote ya kukataliwa, na hata mkataba wa kampuni ya rekodi ulipopatikana hakupeleka barua ya kuacha kazi. Scholz aliomba likizo. Aliiacha Polaroid kwa muda ili akarekodi albamu, na mlango wa kurudia ukabaki wazi. Moja ya albamu za kwanza zilizouzwa sana katika historia ya muziki wa rock ilirekodiwa na mtu aliyekuwa likizoni.

Nilimkuta mdogo wangu anaunga waya kwa risasi, moshi mwembamba umejaa chumbani, godoro limetolewa dirishani kwa sababu ilikuwa mchana. Akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Akatuma mtoto wa jirani akaniletee soda.

"Mjomba amekutuma," akasema.

"Amenituma. Lakini kwanza nikusimulie kitu."

*

Nilimsimulia yote. Alisikiliza akiwa bado na waya mkononi. Sehemu iliyomfurahisha ni ya ujanja, kwa hiyo aliniuliza maswali mengi hapo, nami nikamjibu nilivyokuwa nimesoma.

Mwishoni mwa 1975, wakubwa wa CBS walitaka kujiridhisha kwamba kuna bendi kweli na siyo mtu mmoja kichaa aliyejifungia chini ya nyumba. Wanamuziki wakawapigia muziki kwenye ghala ambalo bendi ya Aerosmith ilikuwa inalitumia kwa mazoezi. Wakakubalika, mkataba ukasainiwa. Ndipo masharti yakaja. Demo ni nzuri, lakini ni demo. Irekodiwe upya kwenye studio ya kitaalamu.

Scholz aliijua sauti yake ilikuwa inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwenye mashine zile, katika chumba kile, kwa kurudia gitaa moja mara nyingi usiku baada ya usiku bila mtu kuangalia saa wala kuhesabu gharama ya kukodi. Studio inalipiwa kwa saa. Chini ya nyumba hakuna anayekudai. Prodyuza aliyepewa kazi, John Boylan, ndiye aliyetakiwa kusimamia matakwa ya kampuni. Lakini alielewa. Akawachukua wanamuziki wengine akaenda nao Los Angeles, wakarekodi huko wimbo mmoja alioutunga Delp, "Let Me Take You Home Tonight". Kampuni ikaona kazi inaendelea. Huku nyuma Scholz akashuka zake chini Watertown na kurekodi zilizobaki, safari hii akijiiga mwenyewe, kwa sababu lengo lilikuwa albamu ifanane na demo. Alipomaliza ndipo gari lilipokuja kutoka Providence na waya ukapita dirishani. Sauti za Delp na kazi ya kuchanganya vilimalizikia Los Angeles. Lile gitaa la kawaida linalosikika mwanzoni mwa "More Than a Feeling" lilikuwa Yamaha la bei ndogo, la kama dola 100.

"Subiri," mdogo wangu akasema. "Wenye hela walitaka kitu kilekile, ila kirekodiwe mahali pa gharama?"

"Ndiyo."

"Halafu wakapewa kilekile kutoka palepale, wakaona ni cha gharama."

"Ndiyo hivyo."

Alicheka mpaka akaweka waya chini. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikawa najiandaa kuingia kwenye hoja ya likizo, ya mshahara, ya kutokuwa na haraka. Ndipo akauliza:

"Na yule wa dramu?"

"Nani?"

"Yule aliyeanza naye. Umesema walianza wawili."

Nikamjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo, ingawa sikuwa nimepanga kulitumia. Jim Masdea alikuwa mle chini tangu mwanzo. Demo zilizowavutia wakubwa zilikuwa na dramu zake. Lakini katika kutafuta mkataba ilitakiwa aondolewe, na akaondolewa. Nafasi yake akachukua Sib Hashian. Kwenye albamu Hashian alipiga mapigo yaliyokuwa yameshatungwa na Masdea, na Masdea mwenyewe anasikika kwenye wimbo mmoja tu, "Rock & Roll Band". Wimbo huo unahusu bendi iliyoanza chini ikapanda mpaka juu.

Mdogo wangu alinyamaza. Nje mtu alikuwa anapiga deki na maji yalikuwa yanapita mlangoni.

"Hata mimi nimeambiwa niende peke yangu," akasema.

Mjomba hakuwa na habari hiyo. Mama pia. Yule jamaa wa studio alikuwa anataka biti, mwimbaji anao wake. Alimwambia rafiki yake ana sauti ya mtaani. Alivyosema, kwa kuwa rafiki hana kitu cha kusaini, hakuna anayemdhulumu. Mdogo wangu alikuwa amekaa na jambo hilo wiki mbili. Kila jioni alipita kwenye meza ya chipsi, akala, akasalimia, akaondoka.

"Nyie mnafikiri ninagombana na kazi," akasema. "Mimi kazi nimeshaizoea."

*

Hoja yangu ilikuwa imekwisha nguvu na soda ilikuwa haijafika nusu. Nilikuja na hadithi ya mtu ambaye mshahara ulimpa uwezo wa kukataa. Ni kweli ulimpa. Walipotaka studio yao, alipata njia ya kuikwepa. Kuhusu chumba na sauti alisimama mpaka akampata prodyuza wa kumsaidia kuwazunguka waajiri wa prodyuza huyohuyo. Kuhusu rafiki, sharti lilipita. Mshahara unakupa nguvu ya kusema hapana, lakini haukuchagulii ni jambo gani ulisemee hapana. Hilo sikuwa nimeliona nilipokuwa nasoma peke yangu usiku, labda kwa sababu nilikuwa nasoma kama mhandisi, nikitazama mashine na nyaya. Mdogo wangu alisikiliza kama mtu mwenye mwenzake.

Nikamweleza na mambo yaliyofuata, maana kufikia hapo sikuwa na cha kuficha. Albamu ilipopanda, kampuni ikataka nyingine haraka. Ya pili, "Don't Look Back", ilitoka 1978, na Scholz alilalamika kuwa imetolewa kabla hajairidhia. Baada ya hapo akakataa kuharakishwa. Kampuni ikamshtaki kwa kuchelewa. Kesi ilidumu miaka na mwishowe alishinda. Miaka yote hiyo aliishi kwa nini? Kwa uhandisi. Alianzisha kampuni yake ya vifaa vya muziki, ikauza kifaa cha kupunguza nguvu ya amplifaya kiitwacho Power Soak, na baadaye Rockman, amplifaya ndogo ambayo mpiga gitaa anaweza kuifunga kiunoni akasikiliza kwa masikio yake peke yake. Kwa mara nyingine kazi ya mchana ikawa inailipia kazi ya usiku. Nimeipenda sehemu hiyo kuliko ya mamilioni ya nakala. Mamilioni yalikuja mara moja. Hii nyingine aliifanya maisha yake yote.

"Kwa hiyo unanishauri nini, dada?" mdogo wangu akauliza.

Nikamwambia kwamba mimi siyo mtu wa kumshauri, kwa sababu ada yangu inatoka mfukoni mwake. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo kwenye daladala, yakatoka vibaya hata hivyo. Akaniangalia kama nimesema jambo la aibu, akasema: "Ada yako haihusiani na hili." Kisha akasimama, akarudishia godoro dirishani ingawa ilikuwa bado mchana, akanichezea wimbo ambao hakuwa amemtumia mtu yeyote.

Nilisikiliza. Rafiki yake anaimba kama anayemweleza jirani habari ya kawaida, halafu katikati ya habari unagundua ni msiba. Chini ya sauti yake, hata hivyo, kulikuwa na mvumo. Mdogo wangu alidhani ni waya, ndiyo maana nilimkuta anaunga. Nikaweka kiganja ukutani, nikausikia. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na friji ya jirani anayeuza maji na barafu, na mtetemo wake ulikuwa unapita ukutani, unaingia kwenye meza, unapanda kwenye mguu wa maiki. Tasnifu yangu inahusu mitetemo ya mashine na namna ya kuizuia isisafiri. Miaka miwili nimekuwa nikiandika mambo hayo kwa ajili ya watu watatu watakaoyasoma. Nikamwambia atafute mpira wa tairi kuukuu.

Tulikata vipande vinne, tukaviweka chini ya miguu ya meza, tukaivuta meza sentimita kumi kutoka ukutani. Maiki tukaining'iniza kwa mikanda ya mpira badala ya kuisimamisha juu ya meza. Mvumo haukuisha wote, lakini ulishuka kiasi kwamba feni ya chumba cha nne ndiyo ikaanza kusikika. Mdogo wangu akasema hiyo ni hatua.

*

Barua ya kuacha kazi haikupelekwa. Badala yake, mwezi wa Juni, aliomba likizo yake ya mwaka, siku 28, ambayo tangu aajiriwe alikuwa anaichukua vipandevipande kwenda kumwona mama. Safari hii aliichukua yote kwa mkupuo na hakwenda popote. Rafiki yake alimwachia binamu yake meza ya chipsi wakagawana mauzo. Walirekodi nyimbo sita. Yule jamaa wa studio alipiga simu mara mbili, kisha akaacha. Nasikia amempata kijana mwingine.

Mjomba aliniuliza nilimwambia nini hata akabaki kazini. Nikasema tulizungumza habari za Wamarekani. Akaridhika.

Nyimbo ziliwekwa mtandaoni mwezi wa Septemba. Wiki ya kwanza zilisikilizwa mara 412, na ninakadiria hamsini kati ya hizo ni mimi. Mama amewekewa kwenye simu, anazisikiliza baada ya kwaya. Anasema yule kijana wa chipsi anaimba kama marehemu babu yake, ambaye alikuwa anaongoza nyimbo kwenye misiba. Kwa mama hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mdogo wangu amerudi kwenye zamu. Kwenye orodha ya waliofanya kazi ameandika majina matatu: la kwake, la rafiki yake, na langu, mbele ya langu akaweka "mitetemo". Nilimwambia atoe, akakataa.

Ada ya muhula wa mwisho nimeilipa mwenyewe, kwa kusahihisha ripoti za wanafunzi wa mwaka wa pili na kufundisha hesabu jioni. Sura ya tatu imepita. Fedha za tarehe mbili sasa zinakwenda Morogoro peke yake, na nyingine, naamini, zinashuka kwenye godoro na nyaya.

Kuna jambo moja sikumwambia siku ile kwa sababu nililisoma baadaye. Albamu ya tatu ya Boston, "Third Stage", ilitoka mwaka 1986, miaka minane baada ya ya pili, ikashika namba moja nchini Marekani. Kati ya wanaosikika kwenye dramu ni Jim Masdea. Scholz alikuwa amemrudisha. Nilipolisoma hilo nilikuwa maabara, mashine inatetema mbele yangu, nikamtumia mdogo wangu ujumbe hapohapo: wa dramu alirudi, 1986.

Alikuwa kwenye zamu ya usiku. Jibu lilikuja karibu na alfajiri.

"Miaka kumi ni mingi, dada."